Nilivyowapangia Majirani Viti Mpaka Nikastaafu

Kosa la kwanza nililifanya Jumapili mchana kwa simu ya mama, mwenyewe akiwa amelala baada ya ibada na wali. Niliingia kwenye kundi la wasap la jumuiya yetu ya kanisani, nikaandika kwa jina lake: "Bwana Yesu asifiwe. Kuanzia kesho natoa lifti ya bure kwenda mjini, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, getini kwangu. Karibuni wote." Nikaongeza kialama cha mikono inayoomba, maana mama hatumi ujumbe bila ile mikono. Simu nikairudisha chini ya mto, nikaenda kucheza mpira kwa amani kubwa.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Sasa niko kidato cha nne, na nimestaafu kazi iliyozaliwa na ujumbe ule: kuwapangia majirani zangu wa Olmotonyi viti vya kwenda mjini. Vyeo na mishahara siviandiki humu, kwa sababu havikuwepo. Nawaandikia wadogo zangu mtakaoendelea, na hasa wewe Neema, binti wa Mwalimu, uliyepokea chaki. Kuna mahali utacheka. Usicheke mbele ya Baba Naserian.

Nianze na sababu, usije ukadhani nilikuwa mtukutu tu. Kila asubuhi kwenye kijia chetu yalitoka magari manne. Mama, ambaye ni muuguzi, alitoa Vitz yake. Baba yako alitoa Corolla. Mama Glory wa duka la vitenge alitoa Rav4. Na Baba Naserian, anayeuza mbao mjini, alitoa Noah yenye viti saba, yeye peke yake ndani kama rais. Tulishuka kwa barabara ya vumbi hadi Ngaramtoni, tukaingia lami, na tulipofika Sakina tulisimama. Tulisimama kweli kweli, nyuma ya malori yanayotoka mpakani Namanga, tumefuatana kama bata. Majirani wanne, magari manne, watu watano, wa tano nikiwa mimi. Walishusha vioo wakasalimiana na kuulizana habari za usiku. Siku moja Mama Glory alimpitishia mama pakiti ya chumvi dirishani, katikati ya foleni, kwa sababu alisahau kumpa nyumbani. Wote walilalamika kwamba barabara imejaa. Hakuna aliyegeuka kutazama viti vyake vya nyuma.

Mimi nilikuwa natazama, kwa sababu mwalimu wa zamu alikuwa ananisubiri getini na fimbo. Tulikuwa tumezoeana hadi ananiuliza foleni ya leo ilikuwaje.

Basi Jumatatu ile mama alifungua geti akakuta watu kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na mkungu wa ndizi. Mmoja alikuwa haendi mjini kabisa, alikuja kuona kama ni kweli. Kabla mama hajauliza kitu, bibi mmoja akamshika mikono yote miwili: "Mama Eli, Mungu akuzidishie. Moyo kama huu siku hizi uko wapi?" Mama akanitazama. Nikatazama Mlima Meru, ambao siku hiyo haukuonekana kwa ukungu, lakini niliutazama hivyo hivyo. Akapakia watu wanne, akafunga mlango, akaniacha mimi na mkungu wa ndizi. Nilifika shule kipindi cha tatu.

Adhabu yake naipita. Kilichotuokoa ni aibu. Siku ile Mwalimu alikaa kwenye foleni nyuma ya Vitz, akaona vichwa vitano vimebanana mbele yake kama maembe kwenye ndoo ya sado, naye ana viti vinne vitupu. Jioni alikuja kwetu. "Mama Eli, kesho natoa la kwangu. Wewe pumzika." Mama Glory aliposikia, akatoa la kwake. Baba Naserian alikuja wa mwisho, akasema Noah yake itahitaji watu wanaofuta miguu. Baada ya wiki mbili tulikuwa na zamu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zinakwenda Noah na Vitz, Jumanne na Alhamisi, Corolla na Rav4. Yaliyobaki yanalala nyumbani. Foleni ya Sakina ilipungukiwa magari mawili. Najua ni mawili tu. Lakini mimi niliyaona yasipokuwepo.

Vifaa vya kazi vilikuwa vitatu: ubao, chaki, filimbi. Ubao ni kipande cha plaiwudi nilichopewa na Baba Naserian, nikakipaka rangi nyeusi na kukigongelea kwenye nguzo ya umeme pale njia panda. Juu yake kuna kipande cha bati, kwa sababu mvua ya kwanza ilifuta abiria wote akabaki Mama Glory peke yake, naye akadhani ametengwa. Usije ukashawishika kuhamia kwenye simu. Simu ya mama ina namba ya siri tangu Jumapili ile, na hakuna mtu kijijini anayeamini tena ujumbe wa lifti kutoka nyumba yetu.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Kaaya. Alikuwa konda wa mabasi ya mikoani enzi za vumbi, na sasa hana kazi yoyote mjini ila anashuka kila siku kwenda kuukagua mji. Siku ya kwanza alisoma ubao wangu akacheka mpaka akashika nguzo.

"Bwana mdogo, umeandika majina kama ya mahudhurio. Nani hapa anatapika?"

"Sijui, babu."

"Nani hasemi na nani?"

"Sijui."

"Basi hujapanga. Umerundika."

Akanifundisha. Anayetapika akae dirishani, upande usio na vumbi. Mnene akae mbele, na umwambie ni heshima. Anayeshuka kwanza akae mlangoni. Wasiosemeshana uwawekee katikati mtu mwenye usingizi. Ukikosa mwenye usingizi, kaa wewe. Hilo la mwisho nilifanya mwezi mzima kati ya wamama wawili waliogombea kuku. "Eli, mwambie jirani yako asogeze kiwiko." "Eli, mwambie mwenzio kiwiko kina njia yake." Mimi nasikia kushoto, nahamisha kulia, kama waya. Walipatana wenyewe siku moja pale Mianzini, walipoona kwa pamoja bodaboda amebeba kochi. Walicheka hadi wakashikana. Mimi katikati sikuweza kupumua, lakini hiyo ni ajali kazini.

Asubuhi zile ndizo ninazozikumbuka huku bweni. Baridi ya mwezi wa saba, pumzi zetu zinatoka kama moshi, marashi ya Mama Glory yanafika njia panda kabla yake, na Mwalimu anapiga chafya kabla hajamwona. Mama anaomba kabla ya safari, na sala yake inapita kila mgonjwa wa kata kwa jina. Mzee Kaaya anasema "Amina" mapema kidogo, ili kumsaidia kufika mwisho. Kisha napiga filimbi. Sikuwahi kuona umuhimu wa ile filimbi, watu wote walikuwa ndani tayari. Lakini bila filimbi hakuna aliyewasha gari.

Sasa nifike kwenye kesi yangu ngumu, ya mwaka huu, ambayo nusura ivunje kila kitu.

Koko kwa Kimaasai ni bibi. Koko wetu anakaa juu, karibu na msitu wa misindano, miti ya paini, na watoto wote wa njia ile tumewahi kumwinamishia kichwa akatugusa, ndiyo shikamoo yetu kwa wakubwa. Ana sukari. Alijikata mguu na jembe, akaficha, mpaka wakamwita mama amtazame. Mama alirudi nyumbani akasukuma sahani pembeni. Akasema kile kidonda kinataka kusafishwa hospitali mjini, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bila kuruka. "Akiruka, wataukata." Hakusema kwa nguvu. Alisema kama anavyosoma vipimo.

Bodaboda haifai, mguu utaning'inia kwenye vumbi. Ndani ya Vitz, Corolla au hata Rav4 haunyooki. Nikaenda kwenye ubao nikaandika kwa majivuno: *Noah, kiti cha nyuma: Koko, mguu juu.*

Neema, wewe si Mwarusha, kwenu ni Sumbawanga, kwa hiyo nikueleze. Koko ni mama mzazi wa mke wa Baba Naserian. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Hawali pamoja, hawakai pamoja, na akimwona anakuja njiani anaiacha njia, anapita shambani. Hiyo ni heshima, tena kubwa. Mimi nilijua yote hayo kama ninavyojua kuwa Nile inafika Misri, yaani kwa ajili ya mtihani. Haikunijia kwamba gari nalo ni chumba. Watu wazima waliosoma ubao nao hawakushtuka, kwa sababu miaka mitatu walikuwa wamezoea kutafuta majina yao tu.

Jumatatu Baba Naserian alileta Noah njia panda, akazima, akarudi nyumbani kuchukua koti. Mimi na baba yako tukamleta Koko juu ya kiti cha jikoni, tukampandisha, tukamnyoosha mguu. Baba Naserian akarudi anapiga mluzi. Mluzi ukakatika. Akageukia ua wa michongoma, akajifunika koti kichwani, mtu mzima, mrefu vile, kama anayenyeshewa peke yake.

"Eli!" akauita ua.

"Naam, baba."

"Nani yuko ndani ya gari?"

"Koko."

"Koko yupi?"

"Koko wetu wa juu."

"Koko wenu," akasema. "Mimi kwangu ana jina lingine."

Ndani ya Noah, Koko alikuwa amejifunika shuka lote hadi uso. Sauti ikatoka humo: "Nishusheni."

"Lakini Koko, hospitali..."

"Nishusheni. Mguu ni wangu."

Mwalimu akauliza kwa sauti kuna nini. Mzee Kaaya, kutoka dirisha la Vitz, akasema: "Chalii leo amefuzu."

Baba Naserian alishuka hadi lami kwa miguu, funguo mfukoni. Koko tukamrudisha kwake na kiti chake. Alikataa hata kunigusa kichwa. Jumatano hakwenda. Mama alimsafisha nyumbani kwa alichonacho, na aliporudi aliniambia harufu imebadilika. Alirudia: "Imebadilika, Eli." Baba Naserian naye alianza kuondoka peke yake na Noah kabla ya wote, na jina lake kwenye ubao likawa halina mtu.

Nilikwenda kwa Mzee Kaaya nikiwa nimejiandaa na hotuba kuhusu mila na maendeleo. Aliniacha niimalize.

"Unataka watu wale waache mila," akauliza, "au unataka mguu ufike hospitali?"

"Mguu."

"Basi panga mguu. Hao wengine waache walivyo."

Alhamisi baada ya shule nilimkuta Baba Naserian nyuma ya nyumba yake akipiga randa. Nilimwamkia, nikamwambia shauri langu nikiwa natazama maranda. Siku za Koko, Noah iwe ya mama. Aiendeshe mama, funguo zilale kwetu. Yeye aendeshe Vitz, atangulie dakika kumi. Wasikutane.

Randa ilisimama.

"Vitz?"

"Ndiyo, baba."

"Ile ya mama yako?"

"Ndiyo."

"Mimi?"

Akatazama magoti yake, moja baada ya jingine. Kisha akatoa funguo mfukoni. "Mwambie mama yako breki yake ni nzito, akanyage mapema." Nilipokuwa naondoka akaniita, bila kuinua uso. "Yule mtu wa juu. Mguu ukining'inia unamuuma?"

"Unamuuma sana, baba."

Akarudi kwenye randa.

Ijumaa, mama alipofungua mlango wa Noah, uliolala bila kufungwa, alikuta kitu ndani. Kilikuwa kigoda kirefu cha mbao za paini, kimepigwa msasa hadi kinateleza, juu kina sponji na kitambaa, kimo chake sawasawa na kiti cha gari. Tulipanda nayo hadi kwa Koko. Alikuwa amekaa mlangoni, uso umevimba kwa homa. Alilitazama gari muda mrefu.

"Hili leo ni la nani?"

"La Mama Eli, Koko," nikasema.

"Na Jumatatu?"

"Hata Jumatatu."

Akamgeukia mama. Mama akanyanyua funguo zikalia. "Langu, Koko. Panda, tunachelewa."

Akapanda. Mguu ukakaa juu ya kile kigoda. Akapitisha kiganja kwenye ubavu wake, polepole, kama anayepapasa ndama. "Nani katengeneza hiki?"

"Fundi."

"Mwambie fundi mguu umelala."

Nilimpelekea Baba Naserian ujumbe huo jioni. Alisikia, akachukua msasa, akaanza kusugua ubao uliokuwa laini tayari.

Siku hiyo hospitali walitaka kumlaza wakate. Mama alisimama na daktari koridoni kwa muda mrefu, mimi nikiwa nimeshika viatu vya Koko. Nilisikia daktari akisema atatoa wiki mbili, lakini ikirukwa siku moja, asiombwe tena. Kwa hiyo hatukuruka. Mvua kubwa ilipokata barabara ya vumbi tulimbeba na kiti chake hadi ng'ambo ya matope, Noah ikapita tupu, tukampandisha tena. Mama Glory aliyebeba upande mmoja alipoteza kiatu, na hakipo mpaka leo. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mitatu.

Kukutana walikutana mara moja tu. Foleni ya Sakina siku hiyo ilikuwa imeganda, zile dakika kumi zikaliwa, na Noah yetu ikasogea ikasimama ubavuni kwa Vitz. Koko akavuta shuka. Baba Naserian akalala. Sijui mtu wa urefu ule alilalaje mle, lakini nilichokiona kwenye usukani ni kisogo na sikio. Mbele magari yakaanza kwenda, Vitz haiendi. Nyuma wanapiga honi. Trafiki akaja akainama dirishani.

"Dereva wa hili gari yuko wapi?"

"Yupo, afande," akajibu Mzee Kaaya kutoka kiti cha nyuma. "Ila mkwe wake yuko hapo kulia."

Trafiki akatazama Noah, akaliona shuka. Akamwinulia mama mkono tusimame, akasimamisha na lori la Namanga, akamwambia mtu aliyelala: "Pita, mzee. Pita haraka." Vitz ikaenda na sikio lake.

Kidonda kilianza kikubwa kama yai la bata. Kikawa kama kifuniko cha soda, kikawa kama punje ya hindi. Ukucha mmoja ulitoka haukurudi. Mwezi uliopita, Ijumaa, wakamfungua bandeji wakasema asirudi tena mpaka aitwe. Wiki hiyo hiyo shule ikatangaza watahiniwa wote tuhamie bweni, na ndipo nilipokukabidhi chaki, Neema, na filimbi, ambayo nakuomba uioshe.

Tuliporudi jioni, Koko alimwambia mama asimamishe njia panda. Asingepelekwa hadi mlangoni. Akashuka mwenyewe, akakanyaga chini, akanivuta kichwa akanigusa, akaanza kupanda kwa fimbo yake. Wanafunzi wa chuo cha misitu waliokuwa wanashuka wakampisha, wala hawakujua wanapisha nini. Mimi niliona koti nikalijua. Baba Naserian alikuwa nyuma ya migomba yake, ameipa njia mgongo, uso kwenye ukuta.

"Eli," akasema kwa sauti ya chini. "Anatembea?"

"Anatembea, baba."

"Mguu upi unatangulia?"

"Uleule."

Akakohoa. Akaniuliza tena, amefika wapi sasa. Nikamwambia, amefika kwenye mfereji wa maji. Sasa ameuvuka. Sasa amesimama, anapumzika. Sasa anaendelea. Nilimsimulia hivyo mpaka Koko akaingia kwake, kama mtangazaji wa mpira, ila hakuna aliyeshangilia.

Nilirudi kwa mama nikitarajia kusifiwa. Alikuwa bado amekaa kwenye usukani wa Noah, mlango wazi, mkono kwenye kile kigoda kilichobaki kitupu. Alinitazama, akafuta pua kwa kiganja. Aliyosema ni haya, sijaongeza wala kupunguza neno:

"Mama yangu walimkata mguu wa kushoto. Hukumkuta. Tulikosa mtu wa kutupeleka siku nne tu. Haya, chukua ndoo, kaoshe gari la watu."